Nafasi Yangu Mdomoni mwa Mto Mkavu

6 Oktoba

Tumefika. Na nafasi nimeipata mimi.

Mwaka huu naandika mimi, Firmin. Miaka yote safari alikuwa anaiandika mke wangu Godelieve, lakini siku tunaondoka kwetu Aalst, Ubelgiji, akanitupia kalamu mapajani. "Andika mwenyewe. Mimi nimechoka kuandika samaki unaowavua kwa mdomo." Haya. Shule niliiacha mapema nikaenda kubeba mapipa ya bia, na mkono uliobeba pipa la bia hauwezi kushindwa na kalamu. Herufi zikipinda, kosa ni la kalamu.

Sasa nafasi. Anayeijua pwani hii ya Almería, kusini mwa Uhispania, ananielewa. Kila majira ya baridi wenye magari-nyumba kutoka kaskazini tunamiminika huku: Wajerumani, Waholanzi, Wafaransa, na sisi Wabelgiji wenye akili. Kuna mto mkavu unashuka kutoka milimani, hauna maji, ni mchanga na kokoto tu, mgumu kama barabara. Ukifika baharini unapanuka. Hapo mdomoni, mstari wa mbele kabisa, upo mti mmoja wenye majani kama manyoya ya kifaranga. Asubuhi unapata jua, mchana kivuli, na bahari unaitemea mate ukiwa mlangoni. Watu wanagombana kwa ajili ya mti ule mpaka hawasalimiani. Mimi nimeendesha kutoka Lyon mpaka hapa nikisimama kukojoa tu.

"Tulilala Lérida," anasema Godelieve, anachungulia begani kwangu. "Na Sagunto."

Nimemwambia asisome ya watu.

Magurudumu nimeyapandisha juu ya kabari, gari limekaa sawa hata yai haliviringiki mezani. Turubai nimelitandaza, viti nje, ua la Godelieve kwenye chungu. Hapa sitoki mpaka Machi. Nyumba ya Aalst tulishamrudishia mwenyewe mwaka juzi, kila tulicho nacho duniani kimo humu ndani. Kwa hiyo nasema bila aibu: leo nyumbani kwangu ni mdomoni mwa mto, na hakuna mfalme mwenye kwake kuzuri kama hapa.

7 Oktoba

Jua. Gari la mikate limepiga honi. Mkate wa moto. Hakuna la kumsema mtu.

10 Oktoba

La kumsema mtu limefika. Uwe. Mjerumani wa Kassel, zamani fundi wa reli, na gari lake refu kama mabehewa aliyokuwa anayatengeneza. Mkewe Heidrun ni mtu mwema, sijui aliteleza wapi mpaka akaangukia kwa yule. Uwe alishuka, akautazama mti, akanitazama mimi chini ya mti.

"Mbelgiji, umekaa kwangu."

"Kwako wapi? Mti una jina lako?"

"Mwaka jana nilikaa mimi."

"Na mwaka juzi mimi. Na mwaka huu tena mimi. Wewe si mtu wa reli? Treni ikishaondoka unaikimbilia ya nini?"

"Utaondoka mwenyewe. Maji yataisha tangini, choo kitajaa. Nami nitakuwa hapa nyuma yako, nimewasha injini."

Ndiyo sheria yetu. Haijaandikwa popote lakini inashikwa kuliko amri za kanisani. Ukiondoa gari lako, hata kwenda kujaza maji tu, nafasi si yako tena. Viti utakavyoviacha vitasogezwa kando kwa heshima zote, na ukirudi utakuta mtu anakunywa kahawa pale ulipokuwa umelaza kichwa.

Akaegesha nyuma yangu. Karibu hivi kwamba namsikia akikohoa.

11 Oktoba

Uwe anakohoa.

15 Oktoba

Walikuja askari wa doria, mwanamke na mwanamume. Huja kila mwaka. Wanasema hapa hairuhusiwi, sisi tunasema kesho tunaondoka, wao wanasema vizuri, basi, kila mtu anarudi kwenye kahawa yake. Lakini huyu mwanamke hakuondoka haraka. Alisimama mbele yangu akaelekeza kidole mlimani, kisha akakishusha taratibu mpaka chini ya kiti changu.

"Bwana, hapa ni mto."

Nikainama nikaangalia chini ya kiti. Nikaangalia chini ya meza. Nikainua hata chungu cha ua. "Mama, nimetafuta kila mahali. Au mlikuja nao mkausahau garini?"

Mstari mzima ulicheka. Waholanzi walicheka, na Mholanzi kumchekesha bure si kazi ndogo. Uwe mwenyewe aligeuka pembeni ili nisimwone.

Godelieve hakucheka. Nilipomuuliza ameudhika nini, akasema, "Yule dada alikuwa anakuambia kitu."

20 Oktoba

Leo Godelieve alikuwa anaanika taulo mtini. Akanyamaza ghafla. Mwanamke anayeongea na taulo akinyamaza, unatoka nje.

"Firmin, hebu ona."

Juu kabisa, mahali ambapo hata mimi nikinyoosha mkono sifiki, pamenasa fungu la matete makavu, limejisokota kwenye tawi kama kiota. Ndani yake kuna kandambili ya plastiki.

"Nani aliweka kandambili kule?"

"Mhispania mwenye miguu mirefu."

"Firmin."

"Upepo."

"Upepo unavisha mti kandambili?"

Nikamwambia huenda ni kunguru alikuwa anahama. Akanitazama kama ninavyotazamwa na daktari wa meno. Hakuanika tena. Taulo alilikunja likiwa bichi.

23 Oktoba

Joto. Nzi. Nimewafunga Wafaransa kwenye mchezo wa tufe za chuma. Watasema hawakufungwa. Walifungwa.

26 Oktoba

Simu zote zimelia kwa pamoja, mlio ule wa serikali, kama nguruwe amekanyagwa. Mvua kubwa inakuja milimani, watu watoke kwenye mito. Wahispania wanaiita tone baridi. Lilivyo jina lenyewe, mimi nikadhani ni kinywaji.

Ndugu yangu, ungeona mbio. Magari yote yalikunja turubai, yakapanda juu kwenye kiwanja cha mpira cha kijiji. Hata Uwe. Heidrun alimwambia neno moja tu na Uwe akawasha.

"Tunaondoka," akasema Godelieve.

"Tukiondoka nafasi imekwenda."

"Iende."

"Mama, hawa watu wa hali ya hewa wanalipwa kutisha watu. Mawingu ninayajua mimi. Nimebeba bia kwenye mvua kuanzia Ostend mpaka Liège."

Alivaa viatu vya kufunga kamba, akavaa koti, akachukua mkoba akauweka mapajani, akakaa kwenye kiti cha mbele. Akakaa hivyo siku nzima, joto lote lile, amefunga vifungo mpaka shingoni. Nikamchezea harmonika. Nikamkaangia viazi kwa mafuta ya ng'ombe, yale niliyoyabeba kutoka nyumbani. Hakugusa. Macho yake yako mlimani.

Yalianguka matone ya kulowesha kichwa cha mbu. Jioni jua likatoka.

Waliporudi kutoka kiwanjani, aliyekuwa wa mbele akajikuta wa nyuma, Mholanzi kwa Mholanzi hawasemezani, na Uwe nafasi yake ya nyuma yangu imechukuliwa, ikabidi amwombe mtu kwa chupa mbili za divai ndipo akaipata. Mimi nimekaa tu chini ya mti wangu, miguu juu ya meza. Wakapita mmoja mmoja. "Firmin, wewe ni mtu." "Firmin, una roho ya jiwe." Nikawa nawapungia mkono kama Papa.

"Umeona?" nikamwambia Godelieve. "Nimewashinda."

Alikuwa anafungua kamba za viatu. "Hujashinda, Firmin. Umeachwa tu."

30 Oktoba

Bado hajaongea nami vizuri. Ameniambia gesi imeisha. Hilo nalo ni neno.

3 Novemba

Maji yameisha tangini na choo kimejaa. Uwe ameanza kusafisha kioo chake cha mbele. Kila siku anasafisha kioo. Anadhani sijui.

Basi nimemfundisha adabu. Nimechukua toroli la Mfaransa, nikapakia madumu, nikasukuma mpaka kituo cha mafuta barabara kuu, nikajaza, nikarudi. Kisha tangi la choo, nalo hivyo hivyo, kwenda kumwaga na kurudi. Njia nzima ni kokoto na kupanda. Nilipopita kwa Uwe nikapiga mluzi.

"Mbelgiji," akasema, "una gari la farasi mia na arubaini, na unasukuma mavi kwa mkono."

"Mazoezi, Uwe. Wewe kaa na kioo chako."

Godelieve alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanipa pole ya mgongo. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilipoolewa uliniambia tutanunua gari kama hili ili tukichoka mahali tuondoke."

Mgongo unauma. Lakini kama mtu ataniuliza, hauumi.

5 Novemba

Maji tena. Toroli tena. Mgongo ni wa chuma.

7 Novemba

Kila mchana Godelieve anapanda kijijini. Anavaa gauni la maua. Anarudi na harufu ya mkate na uso umelegea. Mimi si mtu wa wivu, ila niliuliza tu kama huyo mwokaji ana nywele.

"Anaitwa Encarna," akasema. "Ni mjane. Ana chumba juu ya duka la mikate. Nimemuuliza kama nikihitaji naweza kulala, amesema mlango haufungwi."

"Ukihitaji kwa nini?"

"Aliniambia yaliyotokea hapa mwaka ule mti ulipovishwa kandambili. Alinitajia na majina ya waliochukuliwa na maji." Akakunja mikono. "Sikiliza, baba, nitasema mara moja. Nikiona wingu jeusi nyuma ya mlima tena, kama gari halijawashwa, nakwenda kwa Encarna kwa miguu yangu. Wewe utalala na mti wako."

Nikacheka. Nikamwambia mti haukoromi. Kicheko kikarudi peke yake, kama mbwa aliyefukuzwa jikoni.

9 Novemba

Uwe amekuja na chupa. Si kawaida. Akakaa kwenye kiti cha Godelieve, akakwangua kokoto kwa kisigino.

"Heidrun hataki kukaa hapa tena."

"Basi nendeni."

"Nikienda, wewe unabaki mshindi."

"Kweli."

"Ondoka wewe, na mimi nitaondoka nyuma yako. Nakuapia, mti siuchukui."

"Kama huuchukui, kwa nini mimi niondoke kwanza?"

Akafikiri sana. Mtu wa reli akifikiri unasikia magurudumu. "Kwa sababu mimi sikuamini," akasema.

"Nami pia, rafiki yangu. Afya."

Tukanywa chupa yote. Ni mtu wa maana yule, kama angezaliwa mahali pengine. Godelieve na Heidrun walikuwa wamekaa ufukoni wametupa migongo, wanatazama maji. Niliwatazama muda mrefu. Nikajiambia ni baridi tu wanaona.

12 Novemba

Upepo wa moto kutoka barani. Bahari imelala kama supu. Mbwa wa Heidrun amekataa kushuka garini. Toroli.

13 Novemba

Wingu limetoka nyuma ya mlima wakati tunakunywa kahawa. Dogo. Saizi ya boga.

Godelieve akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya, ningejua la kufanya na kelele. Aliingia ndani akachukua dawa zake na zangu, albamu ya picha, birika la kahawa la mama yake, na mto wake wa kulalia. Dawa zangu akaziacha mezani, akafikiri, akazichukua tena.

"Kwa nini unachukua zangu?"

"Ili uje kuzifuata."

"Mama, ni boga tu lile."

"Washa gari, Firmin."

Nikatazama nyuma. Uwe yuko kwenye usukani, anasafisha kioo, kwa ndani safari hii.

"Nikiwasha ataingia kabla moshi haujaisha."

Akashuka ngazi. Akatembea mtoni kuelekea kijijini, mto kwapani, birika mkononi, na watu wote wa mstari wanaangalia. Nikasema kwa sauti ili wasikie, "Anakwenda kuosha birika." Hakuna aliyecheka.

Nimekaanga viazi nimekula peke yangu. Vilikuwa vizuri sana. Nimevila vyote. Vilikuwa vibaya.

15 Novemba

Naandikia mezani kwa Encarna, juu ya duka la mikate. Kalamu ni yake. Ya kwangu iko baharini; daftari tu ndilo lilikuwa mfukoni mwa suruali.

Ilikuwa jana. Nitaeleza yote, na safari hii sitaongeza chumvi, haihitaji.

Asubuhi jua. Kweli nasema jua, juu ya bahari anga jeupe safi, unaweza kuanika nguo. Lakini nyuma ya mlima kulikuwa kumefungwa kabisa, kweusi kama sufuria. Simu zikalia. Gari la askari likapita na kipaza sauti. Mmoja mmoja wakakunja, wakapanda. Mholanzi wa mwisho alipopita akapiga honi, akafungua dirisha, "Mzee, usiwe mjinga leo." Nikampungia.

Tukabaki wawili mtoni. Mimi, na Uwe. Heidrun alikuwa ameshapanda kwa miguu na mbwa mikononi. Tukakaa kwenye viti vyetu, yeye kwake, mimi kwangu, tunatazamana kama majogoo waliochoka.

"Ondoka wewe," akasema.

"Ondoka wewe. Mimi nalinda mti."

"Na mimi nakulinda wewe."

Hata nzi hawakuwepo. Uwe akasema, "Sikia. Tuingie garini wote. Tuhesabu mpaka tatu, tuwashe pamoja, tutoke pamoja."

Tukaingia. Akahesabu yeye kupitia dirishani. Moja. Mbili. Tatu.

Hakuna aliyewasha.

Tukacheka, bwana. Tulicheka mpaka Uwe akalaza kichwa kwenye usukani na honi ikalia. Mimi machozi. Nikiwa katikati ya kicheko, simu yangu ikaita.

"Firmin." Ni Godelieve, na upepo mwingi nyuma yake. "Niko kwenye daraja la barabara kuu. Maji yamepita hapa."

"Maji gani? Huku jua."

"Ya kahawia. Yamejaa kingo kwa kingo. Mti mzima umepita chini yangu na mizizi yake. Toka."

"Unanichezea, mama. Unataka nisogee."

Nilimsikia anapumua. Na ndipo ikanijia. Mimi ndiye wa hadithi katika nyumba hii. Yeye hajawahi kunidanganya. Nikimuuliza kama suruali imenibana, anasema imekubana. Nikimuuliza kama wimbo wangu mzuri, anasema hapana. Mwanamke yule hajui hata kusema uongo wa kumfurahisha mgeni.

Nikageuza ufunguo. Gari likasema tik. Nikageuza tena. Tik. Wiki tano na zaidi sijaliwasha, redio inapiga kila siku, betri imekufa fofofo.

"Uwe!"

Uwe alikuwa ameshawasha lake. Nafasi ilikuwa yake, njia nyeupe, angepanda akaniacha. Akashuka na waya za kubusti betri anakimbia, mtu mnene vile, kandambili zinamtoka. Tukaunganisha. Injini ikakohoa, ikakubali. Nikatia gia. Magurudumu ya mbele yakashuka kutoka kwenye kabari, yakachimba mchanga, yakazama mpaka mhimili. Gari lote likainama kama ng'ombe anayepiga magoti.

"Liache!" anasema Uwe.

"Kamba! Nivute kwa kamba!"

Simu iko mfukoni mwa shati, bado iko hewani. Nikamsikia Godelieve kutoka kifuani kwangu. "Firmin, toka."

"Nakuja, dakika moja."

"Toka sasa."

"Kila kitu chetu kimo humu, mama! Kila kitu!"

"Mimi simo."

Basi. Alisema hilo tu, taratibu, kama anavyoniambia gesi imeisha. Mkono wangu ukaachia usukani. Na hapo tukausikia mto. Anayetaka kujua unavyolia, achukue mapipa matupu mia, ayaviringishe kwenye barabara ya mawe, yote kwa pamoja, na aongeze mengine.

Uwe alinishika kwa kanda za suruali akanitoa kama mtoto anayetolewa bafuni. Tukaingia kwake. Turubai lake lilikuwa bado limetandazwa. Akaendesha hivyo hivyo, likapasuka, nguzo zinaburuta, sahani zinadondoka ndani, tukapanda njia ya mbuzi kwa gia ya kwanza. Tulipofika juu nikageuka.

Yaliyotangulia hayakuwa maji. Ulikuwa ukuta wa matete na matope, na friji la mtu, na lango la shamba. Ukafika kwenye gari langu. Nilidhani litapondwa. Halikupondwa. Liliinuka polepole, kwa heshima, likageuka, nikaona pazia la jikoni alilolishona Godelieve, dirisha liko wazi. Kisha likaingia baharini kinyumenyume. Likaelea kidogo. Ua la Godelieve lilikuwa bado liko mlangoni, sijui limeshikwa na nini.

Uwe alivua kofia. Sijui kwa nini, lakini nilimshukuru.

Tukashuka barabarani. Godelieve alikuwa anakuja kwa miguu kutoka darajani, nywele zimemlowa, matope mpaka magotini. Alikuwa ameishika simu sikioni. Akanifikia, akasimama mbele yangu, mkono unanigusa, na simu bado haikutoka sikioni.

"Nakuona," akasema ndani ya simu. Na mfukoni mwangu ikasema nakuona.

16 Novemba

Matope. Tumebeba matope ya watu kwa koleo kutwa nzima, mimi na Uwe. Mimi nimebeba mengi zaidi.

17 Novemba

Matope. Nadhani tumebeba sawa.

19 Novemba

Uwe na Heidrun wameondoka kwenda Kassel. Heidrun alimkumbatia Godelieve muda mrefu. Uwe alinipa mkono.

"Mbelgiji, sasa hakuna mwenye nafasi."

"Ukifika kwako, nitumie kandambili uliyoipoteza nikuwekee mtini."

"Iko baharini na choo chako."

Ndivyo tunavyosema. Kisha akaniangalia, akapanda garini haraka, na mimi nikajidai naangalia tairi.

Mti bado upo. Maji yaliufika shingoni na bado upo. Askari yule mwanamke alikuwepo ufukoni. Nilitaka kumwambia kitu cha kuchekesha. Nilimvulia kofia tu, naye akaniitikia.

22 Novemba

Mvua ndogo, ya kweli, ya kawaida. Tumekaa dirishani, Encarna yuko chini anauza.

"Nyumba ijayo nachagua mimi," akasema Godelieve.

"Chagua. Yenye magurudumu mangapi?"

"Hata moja. Na iwe na ngazi."

"Ngazi nyingi?"

"Mpaka nikitazama chini nione mgongo wa ndege."

Nikasema sawa. Nimesema sawa bila kuongeza neno, na akageuka kunitazama kama ameona mnyama asiyemfahamu.

Halafu nikamuuliza. Lilikuwa linanikaa kooni toka siku ile. "Kule darajani ulifuata nini? Si ulisema nilale na mti wangu?"

Akafuta kioo kwa kiwiko.

"Nilipanda kule asubuhi," akasema, "kwa sababu nilijua askari hutawaamini, na simu hutaiamini. Nikasema nitaangalia kwa macho yangu, nitampigia mara moja. Na niliapa, Firmin. Niliapa kwamba ukibisha nakata, nimemaliza, narudi kwa binti yetu Aalst peke yangu, na utakachopata umekitaka."

"Nilibisha."

"Ulibisha. Ukabisha tena. Na tena. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe wakati wote." Akakiangalia kidole chenyewe, kama cha mtu mwingine. "Hakikubonyeza. Nilikiamuru, hakikubonyeza."

Mimi, Firmin, ninayeweza kumjibu Mjerumani, Mholanzi, polisi na padri kabla hajafunga mdomo, nimetafuta neno la kumjibu tangu mchana. Sasa jua linazama na sijalipata. Naye amekaa hapa hapa kwenye kiti cha pili, anasonga nywele zake, na hajaondoka.